Mwimbaji Ametubu, Wimbo Je?

Pale Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Makonda hulitaja jina hilo tangu alfajiri mpaka usiku, na wengi wanaoshuka hapo ni vijana ambao hawakuwahi kumwona mwenyewe jukwaani. Remmy Ongala alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Miaka yake ya mwisho, baada ya kupata kiharusi mwaka 2001, aliachana na dansi akawa mwimbaji wa injili. Kwa hiyo aliyezikwa ni mtu wa injili, na kituo kina jina la mtu wa dansi. Sijasikia kanisa lolote likiomba jina hilo libadilishwe.

Mimi si mtu wa Sinza. Nakaa Lisekese, hapa Masasi. Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi. Ualimu wa kwaya sijaustaafu, maana hauna kiinua mgongo. Swali la Remmy nililetewa na kijana wa sauti ya tatu katika kwaya yangu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa anaimba bongo fleva. Alirekodi katika studio ya mjini, chumba kimoja chenye kompyuta na magodoro yaliyopigiliwa ukutani kuzuia kelele, na baadhi ya nyimbo zake zilishika: bodaboda wa stendi walikuwa nazo kwenye memori kadi, zikapigwa kwenye sherehe za unyago mpaka akina mama wakazikariri. Kisha akaokoka. Mhubiri wa kikundi chao cha maombi akamwambia kwamba nyimbo zile zikiendelea kusikika, toba yake ni nusu. Akanikuta jioni nabangua korosho za kula nyumbani. Akaniamkia, akakaa juu ya kinu, akasema, "Mwalimu, mimi nimetubu. Sasa zile nyimbo nazo nizifanyeje?"

Nilimwambia anipe muda. Si kwamba sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nalo, na majibu ya haraka katika mambo ya dini nayaogopa.

Tumwangalie kwanza Remmy, maana kwake swali hili ni kubwa kuliko kwa kijana wangu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Maniema, mashariki ya Kongo, nchi ambayo Kiswahili kilifika zamani pamoja na misafara. Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa amepoteza watoto waliomtangulia, akaenda kwa mganga, akaambiwa huyu amzalie porini na asimnyoe nywele. Basi ana jina la mwezi wa mfungo, amezaliwa kwa masharti ya mganga, na amemaliza akiimba habari za Yesu. Anayetaka kumweka mtu huyu kwenye kabati moja la dini ana kazi.

Alipita katika bendi za kwao, akapita Uganda na Kenya, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kwa wito wa mjomba wake, Mzee Makassy, kuimba katika Orchestra Makassy. Miongoni mwa nyimbo zake za mwanzo hapo ni "Siku ya Kufa". Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye alibaki, akajiunga na Matimila, bendi ambayo baadaye ikaitwa Super Matimila, na hatimaye watu wakaacha kutaja bendi wakataja jina lake tu: Dokta Remmy. Mwaka 1988 walikwenda Ulaya na matamasha ya WOMAD. Mwaka uliofuata wakatoa "Songs for the Poor Man" kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, na mwaka 1992 wakatoa "Mambo". Wakongo wengi waliokuja kupiga muziki Dar waliimba Kilingala, tukacheza bila kuelewa. Remmy aliimba Kiswahili, tena chenye lafudhi ya kwao, na akaeleweka mpaka huku kusini.

Huku kusini kueleweka halikuwa jambo dogo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, masika yakianza, safari ya Dar ilikuwa ni kudra: kivuko cha Ndundu, tope la Rufiji, magari yamelala njiani siku na siku. Gazeti lilitufikia limekuwa karatasi ya kufungia karanga. Wimbo haukuhitaji kivuko. Ulitoka Radio Tanzania ukaingia katika redio ya baba, yenye betri ambazo zikichoka tulizianika juani ziamke kidogo kabla ya salamu za wasikilizaji. Hapo ndipo nilipomsikia Remmy kwanza. Alikuwa akiimba kifo. Yatima, maskini asiye na haki, mke, mapenzi, hayo yote aliyaimba, lakini kifo alikirudia kama mtu aliye na kesi nacho. Vijana tulicheza. Nimewahi kujiuliza tulichezaje. Gitaa linakuvuta kiuno, na maneno yanakukumbusha sanda.

Na katika ile rekodi ya mwaka 1989 kuna wimbo unaoitwa "Muziki Asili Yake Wapi". Jina lake peke yake linanitosha. Mtu anayeuliza asili ya muziki, naye yuko ukumbini na bia zinafunguliwa, ameshaingia katika teolojia. Kanisani hajaingia tu. Wanaosema Remmy alimjua Mungu baada ya kiharusi naona hawakumsikiliza. Baada ya kiharusi alimpatia Mungu jina na mlango wa kumwendea. Kumtafuta alianza zamani, kwa kipaza sauti.

Sasa upande wa pili, na nitauweka kwa nguvu zake zote maana unastahili.

Jirani yangu ni mwalimu wa madrasa. Sisi hapa Masasi tumechanganyikana: Wamakua, Wayao, Wamakonde, Wamwera, misikiti na makanisa, na katika ukoo mmoja utakuta Yohana na Juma wamenyonya ziwa moja. Nilimpelekea swali la kijana wangu kwenye kahawa. Ustadhi hakucheka. Alisema, "Mwalimu, sadaka jariya unaijua. Mtu kachimba kisima, kafa, na kila anayekunywa pale thawabu inamfikia kaburini. Basi Mtume ametufundisha na upande wake wa pili: aliyeanzisha jambo baya anabeba mzigo wake na mzigo wa waliomfuata, na wao hawapunguziwi kitu. Sasa mtu katunga wimbo unaowaita watu kwenye zinaa. Yeye katubu, kalala. Wimbo haujalala."

Kwa watu wa huku mfano wa kisima hauko kitabuni. Juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala kwenda Kitangari, maji ndiyo yaliyowazeesha mama zetu: kuteremka bondeni usiku, kusubiri zamu, kupanda na mtungi. Anayesema thawabu za kisima hazikomi, mtu wa Newala hamwombi ushahidi. Basi na nusu ya pili ya hoja ya Ustadhi siwezi kuitupa kirahisi. Kama wema wa mtu unaweza kufanya kazi akiwa amekufa, kwa nini ubaya wake ustaafu siku ya toba?

Ndiyo maana sikuwahi kumcheka Mzee Yusuf. Mwaka 2016, akiwa mfalme wa taarabu kwa kauli ya mashabiki wake, alitangaza kuiacha ili afanye ibada. Baada ya miaka michache akarudi kuimba, na watu wakamcheka alipoondoka na wakamcheka aliporudi. Mwenye jina kama lake, Yusuf Islam wa Uingereza, aliyejulikana kama Cat Stevens, alisilimu mwaka 1977 akiwa kileleni, magitaa yake yakapigwa mnada kwa ajili ya sadaka, akakaa karibu miaka thelathini bila kutoa albamu ya nyimbo za kawaida, kisha mwaka 2006 akairudia kazi. Ustadhi anasema kurudi ni udhaifu wa nafsi. Mimi nasema huenda ni kupima upya. Tuliachana hapo, kahawa imepoa.

Lakini hoja ya kisima ina mahali inapopungukiwa, nami napajua kwa sababu nimewahi kupiga gitaa la rizimu. Kisima huchimbwa na mtu mmoja kwa jembe lake. Wimbo wa dansi haufanywi hivyo.

Ujana wangu nilikuwa katika bendi ndogo ya hapa mjini. Vyombo vilikuwa vya tajiri mmoja. Tukimaliza kupiga tunavirudisha stoo kwake, anahesabu hadi nyaya. Mtunzi alikuja na maneno na sauti ya kuanzia. Solo akaweka vikorombwezo vyake, mimi nikaweka rizimu, besi akatembea anakotaka, waitikiaji wakageuza kiitikio kwa sababu cha mtunzi kiliwashinda pumzi. Wimbo ulipotoka hakuna aliyeweza kusema huu ni wangu peke yangu, ingawa wote tulisema. Bendi kubwa za Dar zilikuwa hivyo hivyo, ila vyombo vyao vilikuwa vya jumuiya, vya jeshi, vya polisi au vya wafanyabiashara, na kanda zilibaki Radio Tanzania. Mwaka 1999 ilitungwa sheria ya hakimiliki inayomtambua mtunzi na wale wanaoupiga na kuuimba wimbo wake, na ni vizuri. Sasa kama sheria ya dunia inawajua wote hao, sembuse hukumu ya Mungu? Mtunzi anaweza kutubu kwa niaba ya mpiga besi?

Chukua bendi ya Mlimani Park. Cosmas Chidumule aliimba pale, kisha akahamia injili. Muhiddin Maalim Gurumo aliyeimba naye hakuhama. Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu mwaka 1964, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound mwaka 1985, akarudi Msondo, ile ile NUTA Jazz ya zamani, akastaafu mwaka 2013 kwa uchovu wa mwili, na mwaka uliofuata akafariki. Karibu nusu karne ya kuimba. Alistaafu kama fundi anayeweka randa chini, bila kulaani mbao alizozipiga. Nyimbo walizoimba hao wawili pamoja ni zile zile, sauti zao zimesukwa humo haziachani. Je, nusu ya wimbo imeokoka na nusu imebaki ukumbini? Kwa hilo hata mhubiri wa kijana wangu naamini angekuna kichwa.

Halafu kuna ule wimbo wa soksi.

Vijana wa leo hawajui ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukimwi ulikuwa umefika na hautajwi. Tulizika walimu wenzetu, madereva wa malori, wauza duka, wasichana waliotoka mjini wamebeba begi moja. Msibani tulisema ameugua kwa muda mrefu. Mimbarani tulisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Remmy akatunga "Mambo kwa Soksi", na soksi ile kila mtu alijua inavaliwa wapi. Radio Tanzania haikuupiga. Ulionekana hauna adabu. Watu wakaupata kwa kanda, wakaucheka, wakaukariri, na katika kucheka kule jambo lililokuwa halitajiki likatajwa.

Nauliza kwa heshima: siku ya hesabu, katika huo wimbo na ukimya wetu, kipi kitaitwa kwanza kitoe maelezo? Najua Wakristo wenzangu hawakubaliani kuhusu kinga, na sitaki kulimaliza hilo hapa. Ninachosema ni kwamba kuna wimbo ulioitwa uhuni ambao yawezekana ulimbakiza mtu hai, na kuna tenzi nzuri tulizoimba makaburini tukiwa tunaficha ukweli. Anayetaka mwimbaji atubu nyimbo zote za dansi kwa mkupuo anatubisha hata sadaka jariya yake. Hapo ndipo nilipomrudia Ustadhi nikamwambia kisima chake kinanisaidia mimi pia. Alitikisa kichwa, akasema, "Kwa huo mmoja nakubali. Usinichukulie kwamba nimekubali yote." Ni mtu wa haki.

Na Masasi, kati ya mahali pote, hatuna kisingizio cha kujifanya swali hili ni geni. Kanisa letu lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Zanzibar na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani. Walipotulia wakakuta ngoma. Jando kwa wavulana, unyago kwa wasichana, na katika hizo ngoma maombi kwa mizimu, dawa, matusi, na pia mafunzo yote ambayo mtu anahitaji ili awe mtu. Kwingineko wamisheni walikataza, na waumini wakawa wanatoroka usiku kupeleka watoto. Hapa alikuwepo padri Vincent Lucas. Kuanzia mwaka 1913, akishauriana na mapadri na walimu wenyeji waliojua ndani ya nyumba kuna nini, aliliingiza jando kanisani: dua zikaelekezwa kwa Mungu, padri akaingia kumbini, yaliyokuwa mabaya yakaachwa, mengine yakabaki. Baadaye akawa Askofu wa Masasi, mwaka 1926 mpaka 1944. Wapo wanaosema alivuka mpaka, wapo wanaosema aliishia njiani. Mimi nasema aliuliza swali sahihi. Ngoma hakuitazama kama kitu kimoja cha kuchomwa au kuachwa. Aliwakalisha wenyeji wamweleze wimbo huu unasema nini, na huu, na huu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa nyakanga, mkufunzi wa unyago, na alikuwa mshirika wa Meza ya Bwana, siku moja haikumkataza nyingine. Alikuwa na nyimbo za mbele ya padri na alikuwa na nyimbo nyingine. Tulipomuuliza kama zile zilizokatazwa zimekufa, alicheka mpaka akashika ubavu. Wanawake wote wa rika lake walizijua. Kukataza wimbo kumewahi kufanya nini zaidi ya kuuhamisha nyumba?

Tena tulikuwa na askofu mwingine ambaye habari yake watoto wa Masasi wangepaswa kufundishwa shuleni. Trevor Huddleston alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu alikuwa padri Johannesburg, akisimamia shule ya Mtakatifu Petro. Pale kulikuwa na kijana mtundu, kila siku ana kesi. Padri alimuuliza anataka nini hasa maishani, kijana akasema akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Huddleston akamtafutia tarumbeta na mwalimu wa kumfundisha. Kijana huyo ni Hugh Masekela. Baadaye Louis Armstrong mwenyewe alituma tarumbeta yake kutoka Marekani kwa bendi ya vijana hao. Masekela akapiga katika Jazz Epistles, akaenda uhamishoni, mwaka 1968 wimbo wake "Grazing in the Grass" ukashika nafasi ya kwanza Marekani, akaimba habari za magari moshi ya wachimba migodi na za kumtaka Mandela atoke gerezani, na alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa mzee, mpaka maradhi yalipomzuia. Alifariki mwaka 2018. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika kumbi ambazo kijana wangu angeziita za shetani. Padri aliyenunua tarumbeta alikuja akawa askofu wetu, akavaa kofia yake akapanda kilima cha Mtandi kuadhimisha misa, na hakuna mahali niliposoma kwamba aliidai tarumbeta irudi kupiga tenzi.

Naona msomaji wa kilokole ananiuliza: basi hakuna cha kutubu? Kipo. Nyimbo zinaumiza watu. Nimesikia, katika ujana wangu na leo, wimbo uliotungwa kumwaibisha mwanamke mmoja aliyekataa, na mwanamke huyo akahama mtaa. Nimesikia nyimbo za kusifu tajiri ambaye kila mmoja alijua anawadhulumu wakulima wa korosho kwenye mizani. Hizo zina watu waliojeruhiwa, wenye majina na milango. Tatizo langu na toba ya kufuta zote ni kwamba haibishi hodi kwenye mlango wowote. Mtu anachoma kanda hadharani, watu wanashangilia, na yule mwanamke aliyehama mtaa hajaambiwa hata pole.

Kuna Mwafrika mmoja aliyelifanya jambo hili vizuri kuliko wote ninaowajua, naye hakuwa mwanamuziki. Agustino wa Hippo, katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika vitabu maisha yake yote. Katika maungamo yake aliwahi kujihoji hata juu ya raha aliyoipata kusikia zaburi zikiimbwa kanisani, kwamba huenda sauti inamshinda neno. Mtu mwenye dhamiri kali namna hiyo ungetegemea uzeeni achome maktaba. Hakuchoma. Karibu na mwaka 427, akiwa na zaidi ya miaka sabini, aliketi akavipitia vitabu vyake kimoja kimoja kwa mpangilio alivyoviandika, akaandika kitabu kingine cha kuvisahihisha: hapa nilisema vibaya, hapa sikueleza vya kutosha, hapa bado nasimamia nilichosema. Alijua vitabu vimeshatoka mikononi mwake, viko kwa watu, havirudi. Kilichobaki kwake kilikuwa ni kusema ukweli juu yake.

Basi nikamwita kijana. Tukakaa barazani na simu yake, tukazisikiliza nyimbo zake moja moja, mimi na heshima zangu zote za mwalimu wa kwaya nikasikiliza mpaka zile ambazo mama watoto alitoka ndani akauliza kuna nini. Nyingi zilikuwa mapenzi ya kawaida ya kijana: nakupenda, hunijali, nauza korosho nikuoe. Nilimwambia hizo sioni cha kutubu, labda vina. Mmoja ulisifu pombe ya gongo kwa ufundi mkubwa, na yeye mwenyewe alisema baba yake mdogo ameharibika kwa gongo. Mwingine ulimtukana binti aliyemkataa, bila kumtaja jina, ila ukitaja mtaa na duka la mama yake, jambo ambalo Masasi ni sawa na kumtaja jina. Huo tulipousikiliza aliangalia chini tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuhitaji kumfundisha kitu.

Alifuta hizo mbili palepale. Nikamwambia kufuta kwenye simu yake ni kazi rahisi. Bodaboda bado wanazo, na binti bado anapita stendi. Akaenda kwa huyo binti, na kwa mila zetu hakwenda peke yake, alikwenda na shangazi yake. Waliyozungumza hawakunieleza wala sikuuliza. Nyimbo zile nyingine bado zipo. Kwenye kwaya anaimba vizuri kuliko zamani, ingawa kwenye kiitikio bado anavuta mwisho wa neno kibongo fleva, na mimi nimeacha kumkatisha.

Remmy hakuacha kitabu cha mapitio kama Agustino. Aliacha dansi, akaimba injili, akafa. Uamuzi ule ulikuwa wake na nauheshimu kabisa: mtu aliyeamka kitandani upande mmoja wa mwili haumtii ana haki ya kuchagua atatumia vipi pumzi iliyobaki. Lakini alipoondoka jukwaani aliondoka na nafsi yake. Ule wimbo wa kifo tuliousikia kwenye redio yenye betri zilizoanikwa ulikuwa umeshatufikia, umeshafanya kazi yake, na sidhani kama alikuwa na uwezo wa kuja Lisekese kuuchukua. Wala sidhani Mungu alimtuma.

Kwa wachungaji na mashehe mnaowapokea wanamuziki: wapokeeni, na wakitaka kuacha jukwaa waacheni waache kwa amani. Msiwaamuru wachome kazi zao zote siku ya kwanza. Waulizeni kwanza katika nyimbo hizo ni nani aliumia, na muwasindikize kwake. Na nyinyi wa redio, nyimbo za Remmy msisubiri Desemba ndipo mzitafute. "Siku ya Kufa" inapigika hata Jumanne ya kawaida.